Mwongozo Kamili wa Kutathmini Mipango ya Kupima Umma Hatari ya Maradhi ya Moyo na Pengo la Afya Kati ya Makundi

Mpango wa kupima umma hatari ya maradhi ya moyo huwaita watu wanaojiona wazima, huwapima shinikizo la damu, lehemu (kolesteroli, yaani mafuta katika damu), sukari na uzito, huwauliza kama wanavuta sigara, kisha hukadiria uwezekano wa kila mmoja kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Anayeonekana kuwa katika hatari kubwa hupewa ushauri, na mara nyingi dawa. Kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani, ni rahisi kuelewa kwa nini mipango ya namna hii hupendwa na serikali. Hata hivyo, mpango unaweza kuwasaidia watu wengi na papo hapo ukalipanua pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho, kwa sababu wanaoitika mwito upesi aghalabu ndio wenye muda, nauli, elimu na afya nafuu tangu mwanzo. Daktari Julian Tudor Hart, aliyehudumia jamii ya wachimba makaa ya mawe huko Wales, alilieleza jambo hili mwaka 1971 kwa kusema kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika zaidi.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa ofisa wa afya, mtafiti au mtakwimu aliyekabidhiwa kazi ya kutathmini mpango wa aina hiyo. Hatua zake zinafuatana, ila zote zimejengwa juu ya msimamo mmoja ninaoushikilia kwa dhati: haki ya mpango haiwezi kupimwa kwa kuwaangalia waliopimwa peke yao. Tathmini inayoanza na daftari la waliofika imekwisha kuwaacha nje watu inaopaswa kuwaulizia kwanza.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kugusa takwimu

Swali la «je, mpango umefanikiwa?» halijibiki. Livunje katika maswali manne yanayojibika: je, watu waliokusudiwa walifikiwa, je, waliofikiwa walitibiwa ipasavyo, je, matibabu yalipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na vifo kuliko ambavyo vingepungua bila mpango, na je, faida hiyo iligawanyika vipi kati ya makundi? Swali la mwisho lisiwekwe kama nyongeza ya ripoti. Liandikwe mwanzoni, pamoja na kauli ya wazi ya matokeo yatakayoufanya mpango ubadilishwe au usimamishwe, kwa maana takwimu zikishatoka kila mtu hupata sababu ya kuridhika na alichokipata.

Andika pia unalinganisha na nini. Kutolinganisha na chochote ni kosa la kawaida, na kulinganisha na «kutofanya lolote» ni kosa lisiloonekana upesi, kwa sababu fedha na wauguzi wanaotumika katika upimaji wangeweza kutumika kwingine: kupunguza chumvi katika vyakula vya viwandani, kupandisha kodi ya tumbaku, au kuwatibu vizuri zaidi wagonjwa ambao tayari wanajulikana. Hatua za kisera kama hizo mbili za kwanza zina sifa moja ambayo upimaji hauna, nayo ni kwamba humfikia mtu bila kumtaka afunge safari, apange foleni au aelewe barua.

Hatua ya 2: Pata orodha ya wote wanaostahiki

Kila asilimia utakayoiandika ina namba ya juu na namba ya chini. Namba ya juu ni rahisi kuipata, kwani kila kituo kinajua kimepima watu wangapi. Namba ya chini, yaani idadi ya wote waliostahiki kupimwa, ndiyo inayoamua kama hesabu yako ni ya kweli.

Jihadhari na namba tatu zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana: waliostahiki, walioalikwa na waliofika. Ripoti nyingi hugawanya waliofika kwa walioalikwa na kuuita huo «mwitikio». Mpango ambao haukutuma mwaliko kwa wapangaji wanaohamahama, watu wasio na makazi, wahamiaji wasio na nyaraka au watu ambao hawajasajiliwa katika kituo chochote unaweza kuonyesha mwitikio mzuri sana, kwa sababu waliokuwa wagumu kufikiwa hawakuhesabiwa hata kidogo. Tumia sensa, daftari la wakazi au utafiti wa kaya ili kujua idadi halisi kwa umri, jinsia na eneo, kisha uilinganishe na rejista ya mpango. Tofauti ya namba hizo mbili ni matokeo yako ya kwanza, na inastahili kuwekwa katika ukurasa wa mwanzo wa ripoti.

Uchunguze pia mpaka wa umri. Mpango wa NHS Health Check, wa huduma ya afya ya umma (NHS), ulioanza England mwaka 2009, huwaalika watu wa miaka 40 hadi 74 wasiokuwa na maradhi ya moyo yaliyokwisha kutambuliwa, kila baada ya miaka 5. Mpaka wa miaka 40 unaonekana kuwatendea wote sawa. Lakini utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wakazi wa maeneo maskini zaidi huanza kuishi na maradhi zaidi ya moja kwa wakati mmoja miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wakazi wa maeneo tajiri zaidi. Mpaka mmoja wa umri, kwa hiyo, huwakuta baadhi ya watu kabla ya maradhi na wengine baada yake, na mtathmini anapaswa kuhesabu ni wangapi katika kila kundi waliondolewa katika mpango kwa sababu walikuwa wameshaugua.

Hatua ya 3: Amua makundi utakayoyalinganisha

Chagua makundi mapema na ueleze sababu. Kwa kawaida yatakuwa jinsia, umri, kipato au hali ya eneo la makazi, elimu, kabila au lugha, na ulemavu. Ongeza makundi ambayo hatari yao ya moyo inajulikana kuwa kubwa na ambayo husahaulika, hasa watu wenye maradhi makali ya akili, wafungwa, na wafanyakazi wasio na ajira rasmi ambao siku ya kwenda kupimwa ni siku isiyo na malipo.

Kipimo cha eneo si kipimo cha mtu: katika mtaa maskini wapo wenye uwezo, na katika mtaa wa kitajiri wapo wanaolala njaa. Ukiwa na taarifa za mtu mmoja mmoja, kama kiwango cha elimu, zitumie pamoja na zile za eneo. Usitazame kundi moja moja tu, kwani mwanamke mwenye kipato duni asiyejua lugha ya barua ya mwaliko anaweza kuwa katika hali ambayo hesabu ya wanawake wote, au ya maskini wote, haiwezi kuidhihirisha.

Hatua ya 4: Fuata kila kundi ngazi kwa ngazi

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na kama muda wako ni mfupi, utumie hapa. Upimaji ni safari ya ngazi kadhaa: kustahiki, kualikwa, kufika, kukutwa na hatari kubwa, kuanza tiba, kuendelea nayo, na hatimaye shinikizo au lehemu kushuka hadi kiwango kinachotakiwa. Katika kila ngazi kuna wanaobaki nyuma, na pengo la mwisho ni zao la mapengo yote yaliyotangulia yakizidishwa pamoja.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu kamili. Eneo la kwanza lina wakazi wenye uwezo, na watu 10,000 wanaostahiki. Walioalikwa ni 9,500, sawa na asilimia 95. Kati yao asilimia 60 walifika, yaani watu 5,700. Mtu 1 katika kila 10 alikutwa na hatari kubwa, jumla watu 570. Asilimia 70 ya hao walianza dawa, yaani 399, na baada ya mwaka mmoja asilimia 60 ya walioanza, yaani watu 239, walikuwa na shinikizo lililodhibitiwa.

Eneo la pili ni maskini, nalo lina watu 10,000 wanaostahiki. Walioalikwa ni 8,000, waliofika ni asilimia 40 yao, yaani 3,200, na watu 2 katika kila 10, jumla 640, walikutwa na hatari kubwa. Nusu yao, 320, walianza dawa. Nusu ya walioanza, watu 160, walidhibitiwa shinikizo baada ya mwaka.

Msimamizi wa mpango akiletewa namba hizi anaweza kusema kwa nia safi kabisa kwamba mpango unawafikia maskini, kwa kuwa eneo la pili limegundua watu 640 wenye hatari kubwa ilhali eneo la kwanza limegundua 570. Sasa rudi kwenye orodha ya wote wanaostahiki. Ikiwa wasiofika wana hatari sawa na waliofika, eneo la kwanza lina watu wapatao 1,000 wenye hatari kubwa, na 239 kati yao wamenufaika: takriban asilimia 24. Eneo la pili lina watu wapatao 2,000, na walionufaika ni 160, yaani asilimia 8. Mwenye hatari kubwa katika eneo la kwanza ana nafasi ya kunufaika mara tatu ya mwenzake wa eneo la pili. Tena hesabu hii imelipunguzia pengo makali, kwa sababu wasiofika kupimwa aghalabu huvuta sigara zaidi na huugua zaidi kuliko waliofika, kwa hiyo watu 2,000 ni makadirio ya chini.

Angalia sasa pengo hilo limetoka wapi. Katika mwaliko, eneo la kwanza lilitangulia kwa mara 1.19; katika kufika, mara 1.5, katika kuanza dawa, mara 1.4, katika kudhibiti shinikizo, mara 1.2. Hakuna ngazi iliyozidi moja na nusu, na mtu akizikagua moja moja ataona kila moja inavumilika. Zikizidishwa, zinafika mara tatu.

Jedwali la namna hii linakuwezesha pia kupima suluhisho kabla ya kulilipia. Ukipandisha mahudhurio ya eneo la pili kutoka asilimia 40 hadi 60 na kuacha mengine yote yalivyo, walionufaika watapanda kutoka 160 hadi 240. Ukiyaacha mahudhurio na badala yake ukapandisha walioanza dawa kutoka asilimia 50 hadi 70, watapanda hadi 224. Ukifanya yote mawili, watakuwa 336. Kampeni za uhamasishaji hupewa fedha nyingi kwa sababu zinaonekana. Kazi ya kumfuatilia mtu aliyepewa cheti cha dawa na hakurudi haionekani, ingawa faida yake, kama mfano unavyoonyesha, inaweza kukaribia ileile.

Hatua ya 5: Kagua ubora wa vipimo vyenyewe

Fungua rejista ya kituo na uangalie tarakimu ya mwisho ya kila kipimo cha juu cha shinikizo, yaani namba ya kwanza, kama 120 katika 120/80. Mashine ya kidijitali ikisomwa kwa uaminifu, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 huonekana kwa kiasi cha asilimia 10. Kipimo cha zebaki, ambacho mistari yake hupanda kwa 2, hutoa tarakimu shufwa tu, kila moja kwa kiasi cha asilimia 20. Ukikuta zaidi ya nusu ya vipimo vinaishia na sifuri, ukurasa mzima ukiwa na 120, 130, 140, 120, 140, basi aliyeandika alikuwa anakadiria. Mtu mwenye 136 aliyeandikiwa 140 anaweza kupewa dawa asiyoihitaji pale ambapo kanuni inaanzia 140, na mwenye 144 aliyeandikiwa 140 anaweza kurudishwa nyumbani pale ambapo kanuni inataka namba izidi 140. Fanya hesabu hii kwa kila kituo na uilinganishe na idadi ya watu ambao muuguzi mmoja huwahudumia kwa siku. Vituo vilivyoelemewa, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyohudumia maskini, vina sababu kubwa zaidi ya kukadiria, na lawama isimwangukie muuguzi. Angalia pia kama kituo kina mikanda ya mkono ya ukubwa tofauti, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ya kweli.

Baada ya vipimo, chunguza fomula inayovigeuza kuwa kiwango cha hatari. Fomula ya Framingham ilitokana na utafiti ulioanza mwaka 1948 katika mji mmoja wa Massachusetts, Marekani, na ilipotumiwa kwingine ilikosea: watu wa maeneo maskini walikadiriwa hatari ndogo kuliko waliyokuwa nayo. Ndiyo maana Scotland iliunda fomula ya ASSIGN, na England ikaunda QRISK, ambazo huingiza hali ya umaskini wa eneo katika hesabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati zilizorekebishwa kwa ajili ya kanda 21 za dunia, zikiwemo chati zisizohitaji kipimo cha maabara.

Ukiwa na takwimu za ufuatiliaji, ligawe kila kundi la kijamii katika mafungu 10 kwa kufuata hatari iliyokadiriwa, kisha linganisha, fungu kwa fungu, makadirio na idadi ya waliougua kweli. Fomula inaweza kuwa sahihi kwa wote kwa jumla ilhali inawapunja maskini na kuwazidishia matajiri. Fomula ya namna hiyo hupanda mbegu ya pengo hata kama kila mtu angefika kupimwa.

Hatua ya 6: Linganisha kwa njia isiyojidanganya

Kuna mitego miwili ambayo nimeona inanasa hata watathmini wazoefu. Wa kwanza ni kuwalinganisha waliofika na wasiofika. Waliofika hufa kwa uchache, lakini wangekufa kwa uchache hata kama kituo kingekuwa kimefungwa siku ile, kwa sababu wanaojitokeza ndio wenye afya bora na wanaojitunza. Wa pili ni kuwalinganisha watu wenye hatari kubwa kabla na baada. Mtu akichaguliwa kwa sababu shinikizo lake lilikuwa juu siku fulani, kipimo chake kinachofuata huelekea kushuka chenyewe, kwa kuwa siku ile ilikuwa kwa sehemu siku mbaya tu. Mpango ambao haukufanya lolote unaweza kuonyesha grafu ya kuvutia ya shinikizo linaloshuka.

Dawa ya mitego yote miwili ni kulinganisha walioalikwa, wakiwemo wasiofika, na watu wanaofanana nao ambao hawakualikwa. Jaribio la Inter99 la Denmark, lililoanza mwaka 1999, lilifanya hivyo: kati ya watu 59,616 wa miaka 30 hadi 60, watu 11,629 waliteuliwa kwa kubahatisha na kualikwa kupimwa na kushauriwa juu ya mtindo wa maisha kwa miaka 5. Waliofika walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Baada ya miaka 10 haikuonekana tofauti katika maradhi ya moyo, viharusi au vifo kati ya walioalikwa na wasioalikwa. Jaribio jingine la Denmark, DANCAVAS, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, liliwahusu wanaume 46,611 wa miaka 65 hadi 74, na upimaji wake ulitumia picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili. Baada ya zaidi ya miaka 5 vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 5 hivi kati ya walioalikwa, lakini mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani kiwango ambacho athari ya kweli huelekea kuwa ndani yake, ilienea kutoka upungufu wa asilimia 10 hadi hakuna upungufu. Nayataja matokeo haya kwa sababu mtathmini anapaswa kuingia kazini akijua kwamba faida ya upimaji wa umma katika vifo haijawahi kuwa jambo la kudhaniwa.

Kama mpango bado haujaenea kote, una nafasi ya dhahabu. Shauri kwamba maeneo yaanze kwa awamu, na mpangilio wa awamu uamuliwe kwa kura, ili maeneo yanayosubiri yawe kigezo cha yale yaliyoanza. Hakuna anayenyimwa, kwani wote watafikiwa, na fedha aghalabu hazitoshi kuanza kote kwa siku moja. Kura ipigwe ndani ya matabaka, maskini kwa maskini na wenye uwezo kwa wenye uwezo, ili athari ipimwe katika kila tabaka.

Ikiwa mpango umekwisha kuenea, bado zipo njia. Mpaka wa umri unaweza kukusaidia: watu wenye miaka 39 na miezi 10 hawatofautiani sana na wenye miaka 40 na miezi miwili, ila wa pili wamealikwa. Ukikuta matumizi ya dawa za statini, zinazoshusha lehemu, yanaruka ghafla penye mpaka huo, mruko huo unaweza kuuhesabu kuwa athari ya mpango, mradi hakuna huduma nyingine inayoanza katika umri uleule. Unaweza pia kufuatilia mfululizo wa takwimu za kila mwezi kwa miaka kadhaa kabla na baada ya mpango kuanza, ukitazama kama mwelekeo ulivunjika, kwa kila kundi peke yake.

Muda wa ufuatiliaji uwe wa kutosha. Mashambulio ya moyo na vifo huhitaji miaka 5 hadi 10 kuonyesha tofauti. Kabla ya hapo tumia viashiria vya kati, na ukadirie faida kwa ushahidi uliopo: kushusha kipimo cha juu cha shinikizo kwa milimita 10 za zebaki hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 20, na kushusha lehemu mbaya (LDL) kwa milimoli 1 kwa lita kwa kutumia statini hupunguza kwa takriban asilimia 22. Weka wazi katika ripoti kwamba hayo ni makadirio.

Hatua ya 7: Pima pengo kwa namna mbili, kila mara

Tuseme katika mwaka wa kwanza asilimia 24 ya wenye hatari kubwa walinufaika katika eneo la kwanza na asilimia 8 katika la pili, na kwamba mwaka wa tano wamefika asilimia 36 na asilimia 18. Kwa uwiano, pengo limepungua kutoka mara 3 hadi mara 2. Kwa tofauti, limeongezeka kutoka pointi 16 hadi pointi 18. Msemaji wa serikali atachagua uwiano na mpinzani wake atachagua tofauti, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Toa zote mbili, na utoe asilimia zenyewe kando yake.

Ukiwa na makundi mengi yaliyopangwa kutoka maskini hadi tajiri, usilinganishe ncha mbili tu. Tumia fahirisi ya mteremko, inayochora mstari kupitia makundi yote kwa kuzingatia ukubwa wa kila kundi na kukuonyesha kasi ambayo faida inapanda kadiri hali ya maisha inavyopanda. Sawazisha umri kabla ya hesabu yoyote, yaani yalinganishe makundi kana kwamba yana mgawanyo uleule wa umri, kwa sababu maeneo maskini mara nyingi yana wakazi vijana zaidi na hali hiyo huficha hatari yao. Mahali ambapo idadi ni ndogo, unganisha miaka, toa mipaka ya uhakika, na usichapishe visanduku vyenye watu wasiozidi watano, ili mtu asitambulike.

Hatua ya 8: Wasikilize wasiofika

Dodoso linalojazwa kituoni huwauliza waliofika kwa nini wengine hawakufika. Chukua sampuli ya majina yasiyo na tarehe ya kupimwa, uyagawe kwa makundi, na uwatafute wenyewe majumbani na kazini kwa saa wanazopatikana, na kwa lugha wanayoitumia nyumbani.

Usimwulize mtu kwa nini hajali afya yake. Mwulize kama barua ilimfikia, ilisemaje, nani aliisoma, na siku ile iliyotajwa alikuwa wapi. Fuata barua moja kutoka ilipochapishwa: anwani ilitoka wapi na ilisahihishwa lini, iliandikwa kwa lugha ngapi, ilitaja siku gani na saa gani, na mtu akitaka kubadilisha saa hiyo afanyeje. Barua inayomtaka kibarua aje Jumatatu saa nne asubuhi, na yenye namba ya simu inayopokewa saa za kazi tu, imekwisha kumchuja kabla hajaamua lolote. Watu huelezea pia woga wa kuambiwa wana maradhi ambayo hawataweza kuyagharimia, na kumbukumbu ya kudharauliwa kituoni. Maelezo hayo yaingie katika jedwali la ngazi, kila moja katika ngazi yake, yakiwa na uzito sawa na namba.

Hatua ya 9: Hesabu madhara na gharama

Upimaji una madhara yake: wasiwasi, dawa kwa wasiozihitaji, na utulivu wa uongo kwa mvutaji sigara aliyeambiwa kwamba hatari yake bado ni ndogo. Uliza pia wauguzi walitolewa wapi, kwani kliniki ya kisukari iliyopunguziwa siku ili kupisha upimaji ni gharama ambayo haitaonekana kwenye bajeti.

Gharama ikokotolewe kwa kila mtu aliyenufaika. Huduma ya kuwafuata watu majumbani katika eneo la pili la mfano wetu ikigharimu mara mbili kwa kila anayepimwa, mhasibu ataiita ghali. Lakini huko mwenye hatari kubwa hupatikana katika kila watu 5, ilhali kule kwingine hupatikana katika kila 10, kwa hiyo gharama ya kumpata mmoja ni ileile. Ongeza safu ya gharama za mtu mwenyewe, yaani nauli, mshahara wa siku uliopotea na bei ya dawa za miezi inayofuata.

Hatua ya 10: Toa ripoti inayoweza kutendewa kazi

Ukurasa wa kwanza uwe na jedwali la ngazi kwa makundi, lenye wote wanaostahiki juu kabisa. Chini yake taja ngazi mbili zenye upotevu mkubwa zaidi katika kundi lililoachwa nyuma, badiliko linalopendekezwa katika kila moja, mtu anayewajibika nalo na tarehe yake. Wapelekee jedwali hilo wauguzi waliojaza rejista na wakazi mliowahoji, kwa lugha yao, kabla halijachapishwa, kwa sababu wao hugundua makosa ambayo mtakwimu hawezi kuyaona.

Hifadhi pamoja na ripoti maana kamili ya kila neno lililohesabiwa: nani alihesabiwa kuwa anastahiki, hatari kubwa ilianzia asilimia ngapi, «kuanza dawa» kulimaanisha kuandikiwa au kuchukua dawa dirishani, na «kudhibitiwa» kulimaanisha namba ipi na kwa vipimo vingapi. Baada ya miezi 12 jedwali lilelile lijazwe upya kwa maana zilezile, na wasiofika mwaka wa kwanza wahesabiwe tena kwa majina.